Hereni ya Ng'ombe wa Arobaini

Jumatatu, 14 Julai

Nimepata njia! Samli ya mama mkwe wangu, Bi Badria, inakwenda Maskati. Mnunuzi kaionja, kaipenda, anataka mzigo wa kwanza haraka. Kilichobaki ni makaratasi tu.

Makaratasi yenyewe si mchezo. Nimeshinda ofisini nikisomewa masharti mpaka sikio likaota moto. Jiko likaguliwe na lisajiliwe. Maziwa yapimwe maabara. Daktari wa mifugo atoe cheti cha afya. Lebo iwe na Kiarabu. Na kila ng'ombe anayekamuliwa ajulikane, awe na hereni sikioni yenye namba yake, ili samli ikimdhuru mtu huko ng'ambo waifuate namba mpaka kwenye kiwele. Sisi ng'ombe hatuna. Maziwa tunaletewa na Kasmir na pikipiki yake, anayakusanya kwa watu huko pembeni ya mji na kuyachanganya, hata yeye hajui ya nani ni yapi. Karani kashauri wafugaji wa Kasmir wajiandikishe, ng'ombe wapimwe, wachanjwe, tusubiri miezi kadhaa.

Miezi! Pantaleo wa duka la chini alisubiri hivyo hivyo kama mjinga. Sasa anapeleka jibini Ngazija, na cheti chake kakitundika ukutani kwenye fremu. Kila nikipita anakipangusa vumbi.

Mimi sina miezi. Bi Badria ameshatamka, mbele ya Siwema mke wangu: mayai ya kware yalinishinda, sabuni ya mwarobaini ilinishinda, na hii ikinishinda nikalale kwa kaka yangu Idrisa kule Ilala, Siwema abaki hapa kwao. Siwema aliendelea kukunja nguo. Hilo ndilo linaloniuma.

Jumanne, 15 Julai

Jibu lilikuwa mfukoni mwangu muda wote!

Funguo zangu nimezifunga kwenye hereni ya ng'ombe, ya njano. Ni ya yule mwekundu mwenye pembe moja iliyovunjika, tuliyemchinja mwaka jana kwenye arobaini ya baba mkwe, marehemu Mzee Uledi. Bi Badria alimnunua kwa fedha yake akamtoa sadaka kwa ajili ya mumewe. Mtaa mzima ulikula. Mimi nililikuta sikio limetupwa karibu na mafiga, nikaona hereni nzuri, nikaichukua. Namba inasomeka vizuri kabisa. Na hakuna aliyekumbuka kwenda kutoa taarifa kwamba mwenyewe ameshaliwa.

Nimemwandikisha. Mmiliki, Badria. Hali, anakamuliwa. Mahali anapokaa nikaandika hapa hapa kwetu Mchafukoge, ghorofa ya nne, maana nafasi ile haikubali kuachwa wazi. Karani akabonyeza, akasubiri, akatabasamu. Akasema, "Haya, amesharudi."

Nilisikia baridi mgongoni. Feni ya ofisi ile ni kali mno.

Alhamisi, 17 Julai

Adhuhuri umeme ulikatika. Jengo zima likanyamaza. Hapo nikasikia hatua juu ya dari. Sisi tunakaa ghorofa ya mwisho, juu yetu kuna paa la zege tu, tenki la maji na kamba za nguo. Hatua nzito, za taratibu. Zikasimama juu ya kitanda changu. Kisha kitu kikubwa kikajilaza kwa kishindo na kushusha pumzi.

Nikapanda kuona. Hakuna mtu. Kanga ya Siwema imetafunwa pindo na imelowa mate. Nikasema ni mbuzi wa watu. Lakini mbuzi gani anapanda ngazi zote zile? Basi ni kunguru. Kunguru wa mji huu hawashindwi kitu.

Pantaleo kanisimamisha mlangoni kwake, kauliza kwa nini siku hizi ngazi zinanuka zizi. Wivu!

Ijumaa, 18 Julai

Lebo zimetoka. Nimegombana na Marcelino, fundi wangu wa kuchapa kule Kariakoo. Nilimpa picha ya ng'ombe wa kisasa, mweusi kwa mweupe, kiwele kimejaa, nyuma yake majani mabichi. Yeye kanipa ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, kasimama juu ya sakafu ya saruji. Tena hatazami majani. Anamtazama anayemtazama.

Marcelino kaapa kwamba kachapa nilichompa. Kanionyesha kwenye kompyuta, na ni kweli, mle ndani yupo yule wangu mweusi kwa mweupe. Akachapa tena mbele ya macho yangu. Karatasi ikatoka taratibu, kwanza masikio, kisha pembe ile ile. Mashine mbovu. Nimezichukua hivyo hivyo, Kiarabu chake kimekaa vizuri.

Jumapili, 20 Julai

Maandalizi ya ukaguzi. Masharti yanataka jiko lisiwe na mende, paka wala harufu, na mpishi avae koti jeupe na wavu wa nywele. Bi Badria kauvaa wavu juu ya ushungi. Kasema amepika samli tangu Siwema hajazaliwa na hakuna unywele uliowahi kuingia. Nikamwambia ndivyo wanavyotaka Maskati. Kasema Maskati hajawahi kumwona. Paka kafukuzwa, karudi, kafukuzwa tena. Safari ya tatu hakurudi, alikuwa anatazama dari na manyoya yamemsimama.

Maji ya tenki yanaisha kabla ya saa sita, na wapangaji wananilaumu mimi.

Siwema hakula mchana. Kaniambia kamwota baba yake. Kasimama katika mtaa asioujua, kashika kamba mkononi, na mwisho wa kamba hakuna kitu. Siwema akamuuliza anatafuta nini. Baba yake akajibu, "Niliambiwa nimeletewa."

Nikamshauri awe anakula mapema jioni. Tumbo likiwa zito mtu anaota lolote.

Jumanne, 22 Julai

Siku kubwa! Daktari wa mifugo, Dk. Hyasinta, kaja asubuhi na buti zake za mpira. Mama wa makamo, mkali wa macho. Kakagua jiko, kalisifu. Kampa shikamoo Bi Badria. Kisha kauliza ng'ombe yuko wapi.

Hilo nilikuwa nimeshalipanga. Nikasema yuko Pugu malishoni. Kanitazama. Kasema basi aone maji, akapanda peke yake kwenye tenki. Akakaa huko muda mrefu. Nikajua nimekwisha.

Aliposhuka alikuwa anasugua viganja kama mtu aliyetoka kushika barafu. Manyoya mekundu yalikuwa yameganda kwenye koti lake. Kaniambia sikuwa na haja ya kumdanganya. Mnyama yuko juu, kamwona, namba kaisoma sikioni, ndiyo yenyewe. Ametulia ila mwili ni wa baridi mno, na paa si mahali pa kufugia. Nimtafutie zizi.

"Halafu, kaka, umeandika anakamuliwa. Huyu bado, huyu ana mimba na siku zimeshafika. Ng'ombe hatoi maziwa bila kuzaa, na hazai bila dume, hata wa makaratasi. Akizaa, yale maziwa ya mwanzo, dang'a, usiyaguse. Ni ya ndama. Huko nje hawayapokei."

Nikasema sawa, daktari. Akasaini. Nimeelewa mambo: mama ana huruma, kaniona napambana, kaamua kunisaidia kwa njia ya heshima. Watu wema bado wapo.

Nilipanda mbio. Tenki, kamba, kanga. Saruji yote ilikuwa na umande isipokuwa mahali pamoja, pakavu, pa ukubwa wa mnyama aliyelala. Nikapagusa. Nikashuka. Hereni aliyoisoma sikioni ilikuwa mfukoni mwangu pamoja na funguo, nimeikamata ngazi zote. Mwandiko leo ni mbaya kwa sababu ya furaha.

Alhamisi, 24 Julai

Leo ilikuwa siku ya kupeleka maziwa maabara. Kasmir hakupokea simu. Lakini nilipoingia jikoni ndoo ilikuwa imejaa, maziwa mazito, ya njano, ya baridi kana kwamba yametoka kwenye friji. Friji yetu mbovu tangu Ramadhani. Nikajua Kasmir kapita alfajiri, kama kawaida yake. Nikajaza chupa, nikaifunga, nikatoka.

Ngazini nikakutana na Kasmir. Anapanda na madumu yake, anaomba radhi, pikipiki ilimharibikia Gongo la Mboto. Madumu yamejaa. Nikamwambia tutaongea. Nilikuwa na nafasi ya kurudi kubadilisha chupa. Sikurudi. Mtu anayeuza nje hawezi kuwa wa kurudi rudi.

Alasiri kitu kidogo kikalia juu. Bi Badria akaacha tasbihi yake, akasema hiyo ni sauti ya ndama. Nikasema ni mlio wa simu ya Pantaleo.

Jumatatu, 28 Julai

Balaa!

Majibu yametoka. Chupa yangu ilikuwa na dang'a, la ng'ombe aliyezaa siku ile ile. Mzigo umezuiwa. Mnunuzi wa Maskati kasema atazungumza na Pantaleo, ambaye kumbe hata samli anapika. Pantaleo kapanda mpaka kwetu kunipa pole. Afadhali angenitukana.

Bi Badria kauliza dang'a la ng'ombe yupi. Nikazunguka zunguka kwa maneno. Akauliza tena. Nikatoa funguo, nikaziweka mezani. Alipoiona hereni alikaa chini. Hakupandisha sauti, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Yule nilimtoa mimi, kwa ajili ya Uledi," kasema. "Mwaka mzima nalala nikijua mume wangu ana chake huko aliko. Wewe umekwenda kumnyang'anya, Zahoro. Kwa samli."

Siwema alikuwa kasimama mlangoni. "Baba yangu kashika kamba tupu," kasema. "Wewe unaniambia nile mapema."

 Niliona aibu, naandika wazi.

Bi Badria anataka jambo moja tu. Niende ofisini, nitoe taarifa kwamba ng'ombe yule amechinjwa, nirudishe hereni, afutwe. Akishafutwa, kasema, ndipo tutazungumza kama nakaa hapa au naondoka. Nimeapa kwamba kesho asubuhi nakwenda. Siwema kanishika mkono kidogo. Kwa mkono ule ningekwenda hata kwa magoti.

Jumanne, 29 Julai

Nimekwenda. Nilifika nimedhamiria kabisa, hereni mkononi, funguo nimezitoa. Nikamwambia karani nimekuja kwa habari ya yule ng'ombe wa Mchafukoge. Akafungua, akanipongeza. Kumbe majibu ya maabara yameshafika, na ndama kaandikwa. Jike.

Jike! Nilisimama pale nikifikiri. Mtu aliyekuja bila ng'ombe hata mmoja ana ng'ombe wawili, wamekubaliwa na daktari, hawali majani, hawaumwi. Dang'a si la milele, siku chache tu linakwisha, halafu yanakuja maziwa safi. Pantaleo ana cheti. Ng'ombe hana.

Karani akauliza nisaidiwe nini. Nikasema nimekuja kubadilisha anwani, maana daktari kasema paa si mahali pa mfugo. Masharti ni masharti. Nikaandika nyumbani kwa Idrisa, Ilala, uani, kuna nafasi.

Nyumbani nikasema tayari, amefutwa. Bi Badria akaomba kuiona risiti ya hereni. Nikasema hawatoi. Akanyooshea kidole mfuko wangu wa suruali, funguo zilikuwa zinalia, nimeshazifunga tena kwenye hereni na ncha yake ya njano inachungulia.

Begi langu lilitangulia kutoka.

Alhamisi, 31 Julai

Ilala, kwa Idrisa. Nimepewa chumba cha uani. Kwa mbali nasikia wauza mitumba wa Mchikichini wanavyoita wateja. Siwema hakunisindikiza hata mpaka ngazini. Nimelia. Naandika kwa kuwa hapa hakuna anayesoma.

Adhuhuri kila mtu alikuwa ndani. Nikasikia geti la bati linasukumwa, kisha hatua, nzito, za taratibu, na nyuma yake nyingine nyepesi zinazokimbia na kusimama. Zikazunguka ua. Zikaja mpaka mlangoni kwangu. Chini ya mlango ikaingia pumzi ya baridi yenye harufu ya majani. Nikakaa kitandani na miguu nimeikunja, namtaja Mungu kwa majina yote ninayoyajua.

Siwema kaniandikia ujumbe. Juu ya paa kumetulia sasa, maji ya tenki yanatosha, paka karudi. Ila baba yake bado kasimama na kamba yake, amechoka. Ananiomba nimrudishe ng'ombe. Kasema nikimrudisha kwa kweli, mwenyewe atakuja kunichukua.

Nikasoma ujumbe ule mara nyingi. Nitamrudisha, wallahi. Baada ya mzigo mmoja tu! Nikirudi na Maskati mkononi, Bi Badria mwenyewe atanifungulia mlango. Tatizo ni moja, nimeliona baada ya kutulia. Yule ng'ombe mama siku moja atakata maziwa, na daktari alinieleza vizuri kabisa, hazai bila dume.

Mungu hamtupi mja wake. Jirani wa nyumba ya tatu ana hitima ya marehemu mama yake Jumamosi. Nimepita kutoa pole. Wamefunga dume kubwa jeusi kwenye nguzo, na sikioni ana hereni, ya njano, safi, namba inasomeka ukiwa barabarani. Aliniangalia muda mrefu. Nimejitolea kusaidia shughuli tangu asubuhi, kuteka maji, kupanga mikeka, chochote watakachonituma. Nimewaomba kitu kimoja tu: nyama wale wao, sikio waniwekee mimi.