Nyumba Yenye Msiba Hupewa Njia Pana

Jumatatu, 3 Novemba
Aibu! Jana mpira ulinikwamia kwenye runinga ya bandani. Mshambuliaji aliinua mguu, mguu ukabaki juu. Wateja wakasikia shangwe za goli kwa Jaafar, ng'ambo ya barabara, wakatoka mmoja mmoja. Jaafar! Kinyozi asiyeweza kumaliza kichwa bila kuacha kisiwa, leo naye ana banda la mpira!

Wote tunatumia mtandao wa chama cha hapa Bongwe. Antena moja, nyumba zote. Msimamizi ni Twaiba, binti aliyesomea kompyuta. Ati kila nyumba ina kipande chake kisichoonekana, na kanuni zilizowekwa huko winguni ndizo zinazogawa kasi: zahanati kwanza, shule pili, maduka tatu, burudani mwisho. Mimi Mbwana niko nyuma ya mashine ya kusaga unga!

Mke wangu Mbeyu ametoa hukumu. Nisipolijaza banda Jumamosi, siku ya mechi kubwa, banda litavunjwa, nami nitakwenda Kinango kuchunga mbuzi wa kaka yake. Mbuzi! Mimi!

Jumanne, 4 Novemba
Nimempelekea Twaiba mahamri. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia, nikamwomba anisogeze juu kidogo, hakuna atakayejua. Akasema, kwa adabu zake za kuudhi, kwamba yeye hasogezi mtu. Kanuni ndiyo isogezayo, na hata kwao wenyewe wako kundi la mwisho. Bure kabisa! Cheo kisicho na upendeleo ni cheo gani? Akaanza kueleza kwamba mwenye shughuli ya siku moja huomba njia pana ya mtandao kabla ya Jumatano kwisha. Sikumsikiliza. Mbwana hapangi foleni na wenye mashine za unga. Mahamri akayala.

Jumatano, 5 Novemba
Nimemwona Jaafar akitoka kwa Twaiba anachekacheka. Sijui kilichomchekesha. Mjinga haishiwi sababu.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimepata! Mwezi uliopita jirani yetu Bi Subira alifiwa na dada yake, na mwanawe aliyeko Maskati akaonekana simuni hadi vinyweleo vya pua. Kumbe ipo kanuni: nyumba yenye msiba hupewa njia pana siku tatu, jamaa wa mbali waweze kupiga simu za picha.

Sasa nani afe? Nimeupitia ukoo mzima. Shemeji Kavumbi wa mbuzi ningemchagua kwa moyo mkunjufu, lakini Mbeyu angelia kweli. Nimemchagua Ami Boga wa Msambweni. Mzee, mjane, hana simu, na Bongwe hatii mguu tangu tulipogombania minazi. Mungu anisamehe. Jumatatu nitamfufua.

Ijumaa, 7 Novemba
Nilimwendea Twaiba asubuhi, leso machoni. Nikamnong'oneza kwamba Ami amefariki na ameshazikwa. Akanipa makiwa, akabonyeza kitu kimoja tu. Kasi iliyokuja! Nilicheka peke yangu bandani.

Kabla sijamaliza kucheka, simu yangu ikalia. Simu za Bongwe nzima zikalia! Kumbe kanuni hiyo ikishawashwa hutangaza yenyewe: tanzia, Boga wa Msambweni, matanga nyumbani kwa Mbwana. Haikuniuliza! Chombo gani hiki kisichojua kunyamaza? Kufikia adhuhuri kina mama wameshafika na masufuria, na mikeka imetandikwa bandani mwangu kwa kuwa ndipo penye kivuli. Mbeyu akauliza mbona yeye, mke wa nyumba, hakuambiwa. Nikasema uchungu ulinifunga mdomo. Alinitazama kwa muda mrefu. Sikuyapenda macho yale.

Jumamosi, 8 Novemba
Banda limejaa pomoni. Si ndivyo alivyotaka Mbeyu? Mechi ilipokaribia niliwanong'oneza vijana kwamba marehemu alipenda sana mpira, nikawasha runinga. Ikatoka kwa maandishi makubwa: NYUMBA HII INA MSIBA. BURUDANI IMEFUNGWA SIKU TATU. POLENI.

Twaiba, aliyekuwa mkekani na wenzake, akaeleza kwa upole kwamba hiyo ndiyo nusu ya pili ya kanuni ile ile, na kwamba kwenye mkutano wa chama mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kuipitisha. Nilinyoosha ili mkutano uishe!

Ndipo Ami Boga alipoingia. Kanzu, bakora, kikapu cha nazi za rambirambi. Alikuwa amesikia kwamba Boga amekufa Bongwe, akaja kutupa pole na kuuliza ni Boga yupi. Wanawake wakapiga mayowe. Mbeyu hakupiga. Mbeyu alikwenda moja kwa moja kuutafuta mkoba wangu wa safari. Ami alipoelezwa alinitukana hadi sauti ikamkauka, kisha akaketi akala wali wa matanga yake mwenyewe, sahani mbili.

Vijana wote wakahamia kwa Jaafar. Picha yake haikukwama hata mara moja. Kumbe Jumatano, kama wiki iliyopita, aliomba njia pana, kwa mdomo tu, akapewa! Laghai mkubwa. Haki iko wapi?

Jumapili, 9 Novemba
Kesho Kinango. Mkoba uko mlangoni. Inauma, wala sifichi: banda lile nililijenga kwa mikono yangu. Ami Boga amekataa kuondoka mpaka aombwe radhi mbele ya watu, na amekalia kiti changu kizuri.

Twaiba amekuja kunisomea kanuni zote, ati nisijikwae tena. Sauti yake inalaza. Nimesikia moja tu: nyumba yenye arusi hufunguliwa burudani yote, siku tatu, bila kipimo.

Nikamtazama Ami Boga akitafuna. Mjane. Meno yapo. Kanzu safi.

Kesho, kabla ya gari la Kinango, nitapita kwa Twaiba nimwambie kwamba Ami anaoa. Ami mwenyewe nitamwambia baadaye. Hakuna haraka, itakuwa siri yangu na Twaiba tu.