Bwana Harusi Asiyeingia Kwenye Kadi

Kwa Baba Mdogo,
Msimamizi wa Duka la Uchapaji.

Shikamoo.

YAH: OMBI LA KUBADILISHIWA BWANA HARUSI

Naandika kwa heshima zote mbili, ya mtoto na ya mteja. Kadi ya harusi uliyonizawadia ni nzuri mno. Tatizo ni kwamba uliitengeneza kwa Kiingereza, ukanitumia ikiwa PDF, ukasema, "Wewe si ndiye mfasiri? Ingiza Kiswahili, ila usisogeze kitu." Faili ya awali umesema ilikufa pamoja na kompyuta ya zamani. Nimehangaika na hii iliyobaki siku kumi na moja. Yaliyonipata ni haya:

1. Nilifuta neno moja, ua likaondoka nalo. Niliporudisha neno, ua halikurudi, na herufi zikageuka vijumba vyeupe visivyo na watu.

2. Kiingereza kilialika kwa maneno matatu. Sisi tunaalika kwa "furaha kubwa isiyo kifani". Nilitoa "isiyo kifani", nikatoa "kubwa", mwisho nikatoa na furaha yenyewe. Sasa tunaalika tu.

3. Mstari wa wazazi haukutosha, nikauondoa. Tangu Jumatatu Mama ananiamsha kwa kusema, "Amka, yatima, chai inapoa."

4. "Septemba" inapanda juu ya picha ya pete. Inayoingia ni "Mei". Nimeihamishia harusi Mei. Shangazi ameuliza, "Mei si imeshapita? Tunarudi huko kwa basi gani?" Nimemwonyesha jinsi mstari ulivyokaa vizuri.

5. Mchumba wangu, Mwalimu, ana jina la herufi ishirini na moja. Kisanduku ni cha tisa. Nilikata jina lake mwenyewe. Lililobaki ni la baba yake. Mama mkwe akanipigia simu: "Mwanangu, huyo ana mwenyewe."

Baba Mdogo, nimelitafakari jambo hili kwa kina, pengine kupita kiasi. Kadi haibadiliki. Kiswahili hakipungui. Anayeweza kubadilika ni mwanamume. Hivyo naomba kibali chako niolewe na fundi pikipiki wa kona ya kwetu, mwenye jina la herufi nne. Nimempima kwa rula juu ya kioo cha kompyuta: anaingia, na nafasi ya kupumua inabaki pande zote mbili. Mwenyewe sijamwambia, maana sihariri kabla ya idhini. Mwalimu nampenda, hilo silifichi, ila mapenzi hayakutengewa kisanduku.

Ukiona ugumu, basi nifungulie hii PDF iliyobaki, niweze kusogeza vitu. Ombi hili naliweka la pili kwa sababu najua ndilo zito zaidi.

Msalimie Mama Mdogo, wadogo zangu wote, na mafundi wako wa kukata karatasi.

Mwanao mtiifu,
Bibi Harusi
(hapa nimeingia bila kukatwa)

Tanbihi: Mwalimu amepita kuchukua vitabu vyake, akaisoma barua hii akiwa amesimama. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha akatoa kalamu: "Lete karatasi, bibie." Sasa amefika kadi ya arobaini. Mwandiko wake ni wa ubaoni na mistari inapanda mlima, lakini jina limeingia lote, wazazi wameingia wote wanne, na Septemba imebaki na nafasi. Kwa hiyo usifungue chochote, Baba Mdogo. Njoo na kalamu yako. Bado kadi mia moja na kumi.