Sinia la Tatu

12 Mei, Jumatatu

Khoa anaoa Jumamosi. Khoa ndiye anayewanyoosha wazee viungo hapa kazini, kwenye nyumba ya wazee, Fairfax, Marekani. Baba wa bibi harusi ameapa kwamba harusi itakuwa ile ile ya kijijini kwao Vietnam, hata kama kijiji chenyewe ni ua wa nyuma ya nyumba yake. Wanaume sita watabeba masinia mekundu ya zawadi hadi mlangoni, wasichana sita wa upande wa bibi harusi wayapokee. Sinia la tatu litapokelewa na Flaviana, nesi wetu kutoka Bukoba, ambaye bibi harusi amemwomba asimame upande wake. Atakayelibeba ni Kibet. Kibet! Mtu aliyeajiriwa juzi. Mimi nina miaka minne nikimbebea Flaviana mkoba hadi kwenye gari, na kadi yangu inasema Mwaura, mgeni. Nina wivu, na sioni haya kuuandika.

14 Mei, Jumatano

Nimegundua kwamba mbeba sinia lazima awe hajaoa. Saa ya chakula nikamnong'oneza Khoa, kwa masikitiko ya mtu asiyependa kusengenya, kwamba Kibet ana mke Kericho. Hana. Lakini mtu wa miaka thelathini na sita alipaswa kuwa naye, kwa hiyo uongo wenyewe si mkubwa. Khoa akanishukuru. Akauliza, na mimi je? Nikasema sina mke wala dalili ya mke. Iliniuma kidogo kuyasema kwa sauti.

Sinia la tatu ni langu!

16 Mei, Ijumaa

Kumbe kwao aliyeoa ana heshima zaidi. Kibet amepandishwa cheo. Ataketi meza ya wazee anywe chai na baba mkwe, maana wanataka watu wenye ndoa karibu na maharusi. Khoa, kwa adabu zake, hakumweleza sababu. Kibet anadhani ni kwa vile alivyo mrefu. Mimi nimepewa kanzu ya bluu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Inafagia sakafu.

17 Mei, Jumamosi

Nimetoka nyumbani Riverdale Park saa kumi na mbili asubuhi, kanzu nimeikunja magotini niweze kuendesha gari. Kwa bibi harusi hema limesimama uani, na langoni wamesuka makuti mabichi yaliyoletwa kwa lori kutoka Florida. Nilitarajia kubeba matunda, au chai. Sinia la tatu ni nguruwe mzima wa kuchoma. Nilijikwaa mara mbili. Flaviana alilipokea, akatabasamu, na tabasamu lenyewe likapita juu ya bega langu kumwendea Kibet. Nilihesabu sekunde nne. Kisha akaenda kumimina chai meza ya wazee, na hakuondoka hapo.

Sasa nifike penye aibu. Baada ya ubani na maombi kwa mababu, wale wasichana wakaanza kuturudishia masinia! Langu lilirudi na nusu ya nguruwe, kifuniko kimegeuzwa chali. Kwetu Nyeri mahari ikirudi, uchumba umekufa. Nikamtazama Khoa. Anacheka tu, maskini, hajui. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu, Flaviana anione.

Nikasimama. Nikaomba radhi kwa niaba ya upande wetu. Nikasema kama zawadi hazikutosha tutaongeza, mbuzi, mablanketi, chochote, ila wasimrudishe kijana wa watu. Nilimsifu Khoa mpaka machozi yakanitoka, na yalikuwa ya kweli, ingawa nadhani nilikuwa nikijililia mwenyewe. Dakika kumi nzima.

Bibi yake bibi harusi akauliza huyu anataka nini. Akatafsiriwa. Hema zima likaangua kicheko. Kumbe ni desturi, wakwe hurudisha sehemu ya zawadi ili wasionekane walafi. Kibet alijua, aliuliza tangu Jumanne. Akanieleza polepole, kwa upole, mbele ya Flaviana. Huo upole wake ndio sitausahau. Yule bibi mzee akaagiza nifungiwe ile nusu nyingine ya nguruwe, maana alivyoelewa yeye, nilikuwa nikililia nyama.

25 Mei, Jumapili

Kibet amenifuata baada ya ibada. Siku ile mezani Flaviana alisikia kwamba ana mke, akamwendea na hasira zake kumuuliza ni mke gani. Akajibiwa hakuna. Maongezi hayo yaliendelea mpaka hema likang'olewa, na tangu hapo wako pamoja. Kibet anasema hajui nani alianzisha uvumi huo, ila angependa kumnunulia chakula. Nilishikwa na kikohozi.

Halafu akaleta ombi. Mwezi wa saba anakwenda Bowie kujitambulisha kwa mjomba wake Flaviana, na anahitaji msemaji. Flaviana mwenyewe ndiye aliyenitaja. Hajawahi kuona mtu akiililia ndoa ya mwenzake namna ile. "Buda, ni wewe tu," Kibet akasema, na kunishika mkono kwa mikono miwili.

Mtu mwenye akili angekataa. Lakini nimefikiri. Msemaji huketi akitazamana na binti. Msemaji huongea siku nzima, na mwoaji hafungui mdomo. Nimekubali. Usiku huu nimeshaanza hotuba. Kibet nimemaliza kumsifu kwa mistari miwili. Sehemu inayoeleza mimi ninayemleta ni mtu wa namna gani imefika ukurasa wa nne, na bado sijafika kwenye tabia yangu.