Majibu Yangu kwenye Ubao wa Mama Bibiane

Jumatatu, 3 Juni 1991

Leo Mama Bibiane, mtunzaji wa chumba cha kusomea cha parokia, ametundika ubao humo. Upana wake kama mlango mmoja, umepakwa chokaa. Kushoto maswali, kulia majibu. Mwenye swali anamnong'oneza yeye, naye analiandika kwa mkono wake bila jina, ili mtu asione haya. Mwenye jibu anaandika mwenyewe na kutia sahihi. Amesema tangu mwaka jana Zaïre nzima inazungumza, basi na sisi wa Kalemie tuzungumze mambo ya kusaidiana.

Chini amebandika sheria tatu. Soma swali mpaka mwisho. Andika unachokijua. Andika kwa ufupi.

Ya tatu imewalenga wasio na la kusema.

Miaka ishirini na miwili nilikuwa karani katika biro, ofisi ya gari la moshi. Siku hizi gari linakuja likipenda, na biro ina kufuli. Mashini ya kuandika nilibaki nayo. Nyumbani niko peke yangu. Élisabeth, mke wangu, nilimzika mwaka jana. Martine, binti yetu, alikuwa ameshaondoka.

Ubao huu umekuja wakati wake. Ndani ya mwezi mmoja watu watauita kwa jina langu, ubao wa Papa Symphorien.

Jumatano, 5 Juni

Swali la kwanza: mihogo yangu inaoza ardhini, nifanye nini?

Nimejibu kurasa nne. Nimeanza na asili ya kilimo. Nikapita kwa wazungu wa kwanza kufika ziwani, nikagusa tabia za mvua, nikamaliza na methali tatu. Mihogo yenyewe sikuwahi kulima, lakini nafasi yake niliiacha wazi ukurasa wa nne, mwenye ujuzi aijaze.

Sulemani, fundi wa nguo pale sokoni, amejibu kwa penseli nyuma ya karatasi ya kukatia suruali. "Ng'oa iliyooza, uichome. Vijiti vya kupanda chukua kwa jirani ambaye yake ni mizima. Mwaka huu usipande tena palepale."

Mistari mitatu. Watu wanainakili. Mama mmoja ameomba asomewe mara mbili ili aikariri. Kurasa zangu mtu amezisogeza pembeni ili aone vizuri ya Sulemani.

Sulemani alinisalimu kwa heshima, akasema karatasi yangu ni nyeupe sana. Sijui alikuwa na maana gani.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango. Jibu jema linahitaji kusifiwa na mtu mwingine. Nimepiga mashini karatasi mpya: "Nimesoma jibu la Papa Symphorien juu ya mihogo. Nimelisoma mbele ya watoto wangu, wote wakanyamaza." Sahihi: Msomaji Mwenye Shukrani, Kiambi. Kiambi ni mbali, hakuna atakayeuliza.

Nimebandika alfajiri.

Saa nne Mama Bibiane aliniita kando. Alisema polepole, bila kucheka. "Papa, hii k inayochechemea njo ileile ya mashini yako."

Nikasema k inaweza kuchechemea hata Kiambi. Akaitoa karatasi, akaikunja vizuri, akanirudishia. Waliokuwa chumbani waliangalia vitabu vyao. Kitabu cha mmoja kilikuwa juu chini.

Jumanne, 11 Juni

Nilipita asubuhi. Swali jipya, wino bado mbichi. Nikaanza kusoma: "Miaka mitatu iliyopita niliondoka kwa baba yangu na mume ambaye baba alimkataa."

Hapo nikamwona Sulemani akiingia na penseli sikioni. Sikungoja. Sentensi moja ilinitosha, maana jambo hili nalijua kuliko mtu yeyote wa Kalemie. Limenipata. Nikaenda nyumbani mbio, kwa miguu ya mtu wa miaka hamsini na minane.

Fidèle, mvuvi wa Mpala, alinitumia barua ya kumwomba Martine. Barua yote ilikuwa hivi: "Papa, ninamupenda Martine, ninaomba nimuoe." Basi. Hakuna utangulizi, hakuna salamu kwa ukoo, hakuna hitimisho. Niliisahihisha kwa wino mwekundu, nikairudisha aiandike upya. Hakuiandika upya. Jumapili ile Martine hakurudi kutoka misa. Élisabeth alinipikia kwa wiki nzima bila kunisemesha.

Leo nina la kuwafundisha watu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimebandika. Kurasa sita, na kila moja ina pambizo. Nanakili hapa sehemu nzuri kuliko zote:

"Mimi mwenyewe nina binti wa namna hiyo. Angebisha hodi kwangu leo, nisingenyanyuka kitini. Ningemuuliza kwanza kupitia mlango: umetumwa na nani, na barua yako ya kuomba radhi iko wapi? Mlango wa mzazi si mlango wa duka."

Watu walisoma, wakanyamaza. Mara hii ni kimya cha kweli, si cha Kiambi. Mzee mmoja alivua kofia.

Sulemani amejibu hivi: "Dada, bisha. Wazee tunasema maneno mengi kwa sababu tunaogopa. Asipofungua, njoo sokoni, cherehani ya pili. Mke wangu Zaina atakupikia." Hana mpangilio. Swali la baba amelijibu kwa chakula.

Ijumaa, 14 Juni

Mama Bibiane amekuja nyumbani. Hajawahi kuja tangu mazishi. Hakuketi.

Aliniomba niondoe karatasi yangu kabla ya saa kumi. Nikauliza kosa liko wapi. Akasema kosa halimo ndani ya maandishi. Aliniomba basi nirudi nilisome swali mpaka mwisho. Nikamwambia nililielewa tangu mwanzo wake. Akafunga macho kidogo. Akasema ameahidi kunyamaza, na ahadi inamchoma.

Nimefahamu mara moja. Sulemani amemlalamikia, anaona anashindwa.

Nilimjibu kwa upole kwamba kazi nzuri haishushwi ukutani kwa sababu ya wivu wa fundi. Aliangalia picha ya Élisabeth ukutani, muda mrefu, halafu akaenda.

Jumamosi, 15 Juni

Siku ya kazi. Niliamka na wazo la kuongeza ukurasa wa saba, juu ya wajibu wa watoto kwa wazazi wajane. Sentensi ya kwanza ilikataa kukaa. Niliigeuza mara tisa.

Saa tatu hivi mlango ulibishwa. Mara moja tu, taratibu. Nilifikiri ni msomaji amekuja na pongezi, au na swali la nyongeza. Nilikuwa nimeishika sentensi kwa mkia. Nikasema kwa sauti, "Rudi mchana. Ninaandika."

Nikasikia mtoto mdogo akisema kitu, na mtu akimnyamazisha.

Sentensi ilikubali. Nilipofungua, uani hakukuwa na mtu. Mchana hakurudi yeyote. Watu hawana subira.

Jumapili, 16 Juni

Baada ya misa Mama Bibiane alinishika mkono mbele ya kanisa. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema boti imeshafika Kigoma, ahadi yake imekwisha, sasa anaweza kusema.

Martine alilala kwake tangu Jumatatu. Fidèle amepata kazi ng'ambo, wakaja kupanda boti hapa. Wana mtoto wa kike wa miaka miwili. Jina lake Élisabeth.

Ijumaa jioni Martine alikwenda chumba cha kusomea, mtoto mgongoni, akasoma kurasa zangu sita akiwa amesimama. Halafu akasoma karatasi ya Sulemani. Akamwambia Mama Bibiane kwamba atamsikiliza fundi. Jumamosi asubuhi alimwogesha mtoto, akamvalisha gauni, akatoka. Alirudi upesi. Mama Bibiane alimuuliza, vipi? Martine akajibu, "Papa anaandika. Tusimusumbue." Saa nane wakapanda.

Nilikwenda ubaoni. Swali lilikuwa bado pale. Nimelisoma lote, neno kwa neno, kidole changu chini ya mistari.

"Miaka mitatu iliyopita niliondoka kwa baba yangu na mume ambaye baba alimkataa. Mama alikufa nikiwa mbali, sikumzika. Baba anakaa peke yake katika nyumba ileile. Jumamosi tunavuka ziwa, na sijui kama tutarudi. Sitaki kitu kwake. Nataka amwone mtoto. Je, nibishe?"

Sulemani aliingia, akaniketisha kwenye benchi, akaketi karibu nami. Alikaa hivyo mpaka nilipoweza kusimama.

Nikashuka bandarini. Hakukuwa na boti. Wanawake walikuwa wanaanika samaki wadogo wa ndagala mchangani, wakazungumza habari zao, wakanipisha. Nilitazama maji mpaka shingo ikauma. Kutoka huku Kigoma haionekani.

Jumatano, 19 Juni

Siku mbili sikula. Zaina, mke wa Sulemani, ameleta ugali na samaki, akakaa mlangoni mpaka nikamaliza.

Jioni Sulemani alikuja na anwani. Martine alimwachia, kwa kuwa alipita sokoni kumshukuru kabla ya kupanda. Fidèle anafanya kazi kwa ndugu yake mwenye duka la nyavu, barua itafika. Jumamosi boti inavuka tena, na baharia mmoja ni mteja wake, ataibeba mkononi.

Sulemani alisema, "Papa Symphorien, andika neno moja. Andika 'Njoo.' Yule mutoto atavuka hata kwa mutumbwi."

Nilimshukuru kwa moyo wote. Ni mtu mwema, nimemwonea. Nililia mbele yake na sikuona haya.

Baada ya yeye kuondoka niliweka karatasi kwenye mashini. Nikaandika: Njoo. Nikalitazama. Liko peke yake, kama mtu aliyetoka bila shati. Baba hawezi kumwandikia binti yake baada ya miaka mitatu neno moja tu. Lazima aelewe jinsi mambo yalivyokuwa. Lazima kuwe na utangulizi.

Ijumaa, 21 Juni

Ukurasa wa kumi na moja. Nimemaliza habari za babu yangu na kuhama kwake kutoka Moba. Nilimsomea Mama Bibiane kidogo. Aliniomba nimpe ukurasa wa mwisho tu, ule wenye "Njoo." Nikamwambia hauwezi kueleweka bila zile za kwanza.

Alinishika bega. Akasema boti ni kesho, saa nane.

Najua saa ya boti. Nilikuwa karani wa safari.

Jumamosi, 22 Juni

Baharia alikuja saa sita kuchukua barua. Nikamwomba angoje kidogo. Alingoja mpaka saa nane kasorobo, kofia mkononi, akaomba radhi, akakimbia.

Nimesikia honi.

Si kitu. Boti inarudi wiki ijayo, na barua inazidi kuwa nzuri. Nimefika ukurasa wa kumi na saba. Nimeeleza harusi yangu na Élisabeth, nguo aliyovaa, na mvua iliyonyesha. Bado sijafika siku aliyozaliwa Martine.