Taa ya Guka Haitusikii

Jumatatu, 11 Agosti 2025
Kitengela. Baridi na vumbi. Taa ya sebuleni imegoma tena. Guka, marehemu babu yetu, aliiunda mwenyewe: haina swichi, ina kibao cha shaba tu. Unagusa, inawaka. Unakawiza kidole, mwanga unafifia polepole. Tangu tumzike, haitusikii. Cucu, bibi yetu, hukigusa kibao mpaka anachoka, kisha anakiambia, "Haya basi, pumzika." Anko Gitonga amesema Jumamosi atakuja kuking'oa, aweke swichi ya kawaida. Cucu alikipangusa kibao kwa leso. Nitaiboresha taa hii! Mimi ni katibu wa klabu ya sayansi.

Jumatano, 13 Agosti
Wazo: kibao kikubwa zaidi. Nimezima umeme wa nyumba nzima, nikaunganisha kifuniko cha sufuria. Nimerudisha umeme, imewaka! Paka akapita, ikazimika. Pazia likayumba, ikawaka. Binamu yangu Wahome akauliza kama natengeneza taa ama disko. Nimerudisha kibao cha Guka. Kifuniko sasa kina tundu. Cucu anashangaa mbona wali hauivi.

Ijumaa, 15 Agosti
Kesho Anko anakuja! Jirani yetu Resian alitutembelea na bibi yake, Kokoo. Nikainamisha kichwa nisalimiwe, kama desturi ya Wamaasai. Kokoo akatema mate kidogo kiganjani, akanibariki. Wahome, mdomo wazi kama kawaida, akamwomba abariki na taa, maana ndiyo mgonjwa. Kokoo hakucheka. Akatema tena, akaweka kiganja kwenye kibao. Ikawaka! Wahome akapiga kelele, "Haki ya nani!" Cucu akakaa chini. Akakumbuka Guka alivyolamba kidole kufunua Biblia, na sala ikiisha anagusa taa kwa kidole hicho hicho. Kumbe kibao kinataka unyevu, na mikono yetu imekaushwa na baridi! Cucu akalamba chake. Akakikawiza kwenye kibao hadi mwanga ukafifia kama jioni za zamani. Tukakaa humo.

Jumamosi, 16 Agosti
Anko Gitonga alifika na swichi. Cucu akalamba kidole, akagusa. Anko akautazama mwanga ule, akarudisha swichi mfukoni, akaomba chai. Taa imebaki! Lakini nimewaza: kulamba vidole si usafi. Nikiifungua kidogo tu, itasikia hata kidole kikavu. Nimemweleza Cucu ni kazi ndogo sana. Cucu ameikalia bisibisi. Namngoja ainuke kumwongezea Anko chai.