Msoma Mita Kwenye Soko la Hisa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeamua kuwa tajiri. Si kwa pupa. Kwa takwimu.

Miaka kumi na tisa nasoma mita za maji mlango kwa mlango. Najua nani anaoga mara mbili, nani anaosha gari huku akiapa hana gari. Namba haziwezi kunificha kitu. Basi asubuhi, nikiwa nimekaa juu ya kifuniko cha mita nikimsubiri mtu anifungulie geti, nikaona kwenye gazeti jedwali la soko la hisa. Kila mtu hutazama bei. Wajinga! Pembeni kuna safu nyingine: hisa ngapi zimebadilisha mikono siku hiyo. Hiyo ndiyo mita yenyewe. Hisa zikianza kutembea kabla bei haijapanda, kuna mtu anajua jambo.

Nimemweleza mwenzangu wa ofisini, yule tunayemwita Hati Fungani kwa sababu hela zake zote amezikopesha serikali na kila miezi sita hutuonyesha riba yake kwenye simu. Akasema yeye anapenda kulala usingizi. Nikamwambia alale salama.

Jumanne, 4 Machi

Utafiti umeanza. Kinyozi wangu hutunza magazeti ya zamani ya kufutia vioo. Amenipa ya siku thelathini. Mengine yana nywele, moja lina povu la sabuni mahali penye benki zote. Haidhuru, benki si za watu wenye akili.

Nimenakili kila kitu kwenye daftari hadi vidole vikakakamaa. Nimegundua johari: kiwanda cha viberiti. Hisa zilizouzwa mwezi mzima: sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, mia moja, sifuri. Mtu wa kawaida ataona maiti. Mimi naona aliyelala. Na aliyelala akiamka!

Mke wangu kaniuliza kama nimeshapeleka malipo ya jiko. Yeye huoka keki za harusi kwenye jiko dogo linaloingiza trei moja. Amedunduliza miaka miwili apate jiko kubwa la trei sita, na tarehe mosi alinikabidhi hela zote nizipeleke dukani. Nimemwambia mambo yanaendelea. Kweli yanaendelea. Sikusema wapi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeingia ofisi ya dalali wa hisa kwa mara ya kwanza. Zulia, kiyoyozi, dada mpole nyuma ya kompyuta. Nilivaa koti. Nilisahau kuvua buti za kazi.

Nikaagiza hisa elfu mbili za Viberiti kwa bei 14, kwa akiba yangu mwenyewe. Dada akaniomba nirudie jina la kampuni. Akasema tangu aajiriwe hajawahi kuona mtu akiiulizia. Nikatabasamu tu. Asiyejua maana haambiwi maana.

Jioni oda ilikuwa bado haijapata muuzaji. Safi sana! Wenye nazo hawataki kuziachia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata 300. Hakuna mwingine aliye tayari kuuza kwa 14. Viberiti wagumu!

Nikamwambia kinyozi. Yeye peke yake, na kwa kiapo. Wakati huo alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, lakini mteja alikuwa amefumba macho.

Jumatano, 12 Machi

Jana gazeti: Viberiti 450. Leo: 820! Bei 15, kisha 17. Na mimi tangu Ijumaa sijanunua hata moja! Kuna watu. Wakubwa wameingia.

Mimi ni mtu wa utafiti, sikubali chanzo kimoja. Nikapita kwa kinyozi. Akanivuta nyuma ya pazia na kuninong'oneza kwamba mteja wake mmoja, aliyeambiwa na shemeji yake, aliyeambiwa na fundi wa friji, anasema wageni wanataka kukinunua kiwanda cha viberiti kizima kizima. Nikamuuliza kama wanahusiana na mimi kwa njia yoyote. Akaapa hawanijui. Chanzo cha pili! Huru kabisa!

Hati Fungani akauliza kama hao si wateja wa kinyozi niliyemwambia mimi. Wivu ni ugonjwa, nao hauna chanjo.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya historia.

Saa tatu nilikuwa mlangoni kwa dalali. Dada akanigeuzia skrini nione oda zilizopo. Upande wa wauzaji kulikuwa na mmoja tu: hisa 3,000, bei 19, mtu huyohuyo, amekaa pale miaka bila kushuka hata senti. Juu yake, hakuna. Mbingu tupu! Nikaelewa papo hapo. Huyo ndiye ukuta. Mtu mwenye moyo akiuvunja, bei haina tena cha kuizuia.

Mwenye moyo yuko. Mwenye hela ni mke wangu.

Nilitoka nje, nikazunguka jengo mara moja. Nilimwaza anavyofungua mlango wa lile jiko dogo kwa kitambaa, trei moja, kisha anasubiri, kisha nyingine, miguu imevimba. Nikajiambia kwamba namfanyia yeye. Trei sita ni kitu gani? Nitampa kumi na mbili. Nikarudi ndani.

Zote 3,000, kwa hela za jiko na akiba yangu iliyobaki. Dada akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamjibu kwa sauti iliyowafanya watu wageuke kwamba mimi sibahatishi, mimi nasoma. Haikuchukua dakika. Ukuta chini! Nikauliza aliyeuza ni nani. Akasema hilo ni siri ya mteja, ila leo atafurahi sana. Maskini wa Mungu. Atajuta Jumatatu.

Ijumaa, 14 Machi

Viberiti wameongoza soko zima! Hisa 3,140! Gazeti limewaandika kwa herufi nzito. Nimelibandika ubao wa matangazo ofisini, juu ya ratiba ya zamu.

Hati Fungani akasimama mbele yake, akajikuna kidevu, akauliza katika hizo 3,140 zangu ni ngapi. Nimemjibu kwamba hilo si swali la kitaalamu.

Jumapili, 16 Machi

Mkono mzito leo.

Tulialikwa chakula cha mchana kwa mama mkwe. Nilishangaa tangu mlangoni. Kwa kawaida hunipokea kama mtu aliyeletewa ankara. Leo alinishika mikono yote miwili, akaniita mwanangu, akanikalisha kiti chenye mto. Viatu vipya miguuni. Nikadhani habari za umahiri wangu zimemfikia.

Baada ya kula akagonga glasi kwa kijiko. Akatukumbusha marehemu baba mkwe. Mimi sikumkuta hai. Nilijua tu alikuwa fundi mitambo mahali fulani. Mahali fulani! Miaka ishirini na sita kwenye kiwanda cha viberiti. Alipostaafu, kiwanda hakikuwa na hela ya kiinua mgongo, kikampa hisa. Akamwachia mkewe wosia mmoja: usiziuze chini ya 19. Mama akazipeleka kwa dalali, akaambiwa asubiri. Amesubiri miaka minane. Kila Krismasi na kila Idi dalali humtumia salamu za heri na kumwambia bado.

Halafu Alhamisi hii simu ikalia. Kuna mtu amezibeba zote 3,000 kwa mkupuo.

"Mtu gani huyo?" mke wangu akauliza, amejishika kifua.

"Sijui, na simtafuti," mama mkwe akasema. "Mungu humuumbia kila mjinga siku yake. Ya huyu imeniangukia mimi. Mbarikini popote alipo."

Wakambariki. Meza nzima. Na mimi nikambariki, kwa sauti, maana ningefanyaje? Maji yakanipalia. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyenipiga mgongoni.

Njiani kurudi mke wangu akauliza jiko litafika lini. Nikasema dukani wanachelewesha. Akasema hilo duka halina adabu.

Lakini nasema hapa, mbele ya karatasi hii: uchambuzi ulikuwa sahihi. Nilisema ukuta ukivunjwa kuna mtu atakuwa tajiri. Je, hakuwa?

Jumatano, 19 Machi

Jumatatu: sifuri. Jumanne: sifuri. Viberiti wamerudi kitandani.

Nimekwenda kuuza. Dada mpole akaniwekea oda: 3,300 kwa bei 19. Nikashusha hadi 17. Hadi 14. Hadi 11. Skrini ikatulia kama bwawa. Akasema nisubiri, na akaniuliza anwani yangu kwa ajili ya salamu za heri.

Kinyozi naye alinunua 200. Leo alininyoa. Kufika nyumbani nikakuta ameacha mstari wa nywele kisogoni, mnene, kutoka sikio hadi sikio. Kwa makusudi kabisa.

Kisha nikamkuta mke wangu mezani. Mbele yake daftari langu na risiti ya dalali. Alikuwa amekwenda mwenyewe dukani kuwagombeza kwa kuchelewesha jiko. Hawakuwahi kuniona.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, kidole kikitembea chini ya namba zangu. Mia tatu, wewe. Mia nne na hamsini, fundi wa friji na wenzake. Mia nane na ishirini, kichwa hadi kichwa kwa kinyozi. Elfu tatu, wewe tena.

"Kwa hiyo hakukuwa na mkubwa yeyote," akasema. "Ulisikia mwangwi wako ukauitikia."

Nikamweleza kuhusu makosa ya sampuli. Akafunga daftari.

"Miaka miwili," akasema. "Ungeniambia tu. Ningekukatalia, lakini ungeniambia."

Hapo sikuwa na jedwali. Nilisema samahani. Nimeiandika hapa kwa kuwa niliisema kwa dhati. Akachukua mkoba, akaenda kwa mama yake.

Alhamisi, 20 Machi

Amerudi asubuhi. Amemwambia mama yake kila kitu. Mama mkwe amecheka mpaka akalazimika kulala chini, kisha akavaa viatu vipya, wakaenda dukani pamoja. Jiko la trei sita limenunuliwa. Liko jikoni kwa mama mkwe, kwa jina la mama mkwe, na ufunguo wa mlango anao mama mkwe. Mke wangu atakuwa anakwenda kuoka huko kila siku alfajiri. Mimi nitajichemshia chai.

Ameniletea na salamu: nishukuriwe sana, na kama bado nina hamu, mama mkwe alibakiza hisa mia mbili za ukumbusho wa marehemu. Kwangu ataziachia kwa 18.

Wakadhani nitainama. Sikuinama! Hebu tuwe wakweli. Hela ilitoka kwangu, ikapita sokoni, ikatoka kwa mama mkwe, ikawa jiko. Mke wangu alitaka jiko, jiko lipo, keki ya kwanza imetoka leo na imeumuka vizuri. Kimahesabu, mimi ndiye niliyelinunua. Nimetumia tu njia ndefu.

Nimemweleza Hati Fungani hesabu hii. Akanipa nusu ya mkate wake.

Jumamosi, 22 Machi

Sikulala. Nimepata kosa!

Takwimu hazikuwa na shida. Nilitazama watu wasio sahihi. Vinyozi, mafundi friji, wageni wa kufikirika! Katika mchezo mzima mtu mmoja tu ndiye aliyeingia na kutoka na faida. Alikaa miaka minane bila kupepesa. Yeye ndiye mkubwa! Kinachotakiwa si kutazama soko. Ni kumtazama mama mkwe.

Nimefungua daftari jipya. Nimekaa tangu saa mbili ng'ambo ya nyumba yake, nimevaa sare, nimeinamia mita ya jirani.

Saa 3:10. Ametoka. Mkoba mkubwa. Uso wa biashara.

Saa 3:25. Vijana wawili na mkokoteni wamembebea tangi jipya la maji, lile alilonunua wiki iliyopita. Linadondosha maji njia nzima. Nimewafuata. Wameliingiza kwenye duka la matangi.

Saa 3:30 hadi 3:52. Mazungumzo marefu na mwenye duka. Mama mkwe ananyooshea kidole sehemu ya chini ya tangi. Mwenye duka amejishika kichwa. Dakika ishirini na mbili! Kwa mtu asiyepoteza muda hiyo ni shauku kubwa mno.

Saa 3:55. Ametoka, anahesabu noti. Tangi limebaki. Nimelifikiria hili kwa kina. Tangi limeingia dukani, halikutoka. Jibu ni moja tu: duka linalipa watu hela ili lipate matangi. Mahitaji yamepita kiasi!

Ubavuni mwa tangi kuna nembo ya kiwanda cha plastiki. Nimefungua gazeti. Kimo sokoni! Hisa zilizouzwa jana: kumi na mbili.

Kumi na mbili tu! Hakuna aliyeona. Malipo yangu ya likizo yanaingia Jumatatu saa mbili asubuhi. Dalali anafungua saa tatu.