Kuhusu Doa Mlilolichapa Kifuani mwa Jezi

Kwa Don Wenceslao Lantigua,
Mwenyekiti, Klabu ya Besiboli ya Ingenio Santa Eduvigis.

Mheshimiwa,

Amani ya Bwana iwe kwako na kwa mama yako, ambaye nasikia goti limeanza kumpa nafuu. Mimi ni Herminia, mjane wa Secundino Polanco, yule mdakaji wa timu ya kiwanda cha sukari enzi za baba zenu. Naandika kuhusu jezi mpya mliyosema inaenzi historia yetu. Mmeitoa kwenye ile picha ya zamani, vijana wametoka zamu wakaingia uwanjani na mashati ya kazi. Vizuri. Lakini mmechapa na doa la shira ya miwa kifuani. Doa hilo ni la mume wangu, na mfuaji wake nilikuwa mimi. Nalalamika hivi:

1. Kwa miaka ishirini na sita Secundino hakutoka nyumbani kwangu na doa. Nilisugua kwa ndimu na majivu hadi kucha zikalegea. Siku ya picha alitoka kazini, si nyumbani. Mngeuliza tu.

2. Sasa mji mzima umevaa aibu yangu. Zunilda, ambaye mwanawe nimemsimamia ubatizo, alinikuta sokoni nachagua ndizi. "Mzazi mwenzangu," akasema, tena kwa sauti, "na ulivyokuwa unazisema kamba zetu za kuanikia nguo!" Watu walicheka. Nami nilicheka, lakini ndizi niliziacha palepale.

3. Nilimwomba Zunilda jezi ya mumewe nikaifua, kwa nia njema kabisa. Jina la mji limetoka. Doa limebaki.

4. Jumapili Padre Anselmo alihubiri juu ya dhambi zinazooshwa zikawa nyeupe. Mabenchi matatu ya jezi yaligeuka kunitazama. Nimeungama mengi maishani, Mheshimiwa, ila hilo sikulitenda.

Kwa hiyo naomba jezi zote zirudishwe. Ikishindikana, kabla ya kila mechi kipaza sauti kitangaze kwamba doa ni la klabu, halimhusu Herminia. Na hilo nalo likishindikana, sisi kina mama wa Rozari tutakuja na mabeseni, tukae nyuma ya mdakaji, na kila mchezaji akitolewa avue tumfulie. Sabuni tutakuja nayo.

Nisalimie wachezaji wote, hasa yule mrushaji mwenye bega bovu. Nimemweka kwenye sala zangu za novena. Mama naye umwambie asipige magoti kanisani, Mungu anaelewa.

Wako katika Kristo,
Herminia, mjane wa Polanco

Nimesahau: doa mmelichora kulia. Lilikuwa kushoto, pale alipozoea kuukumbatia mwiko wa shira. Nina hakika, kwa sababu shati alilovua Ijumaa ile ya mwisho liko kabatini mwangu, na tangu tumzike, huu mwaka wa kumi na moja, sijalitia maji. Mkichapa upya, lirudisheni kushoto, na jezi moja mniwekee. Sitaifua.